Cheti cha Kupuliza

Mpiga tumba haulizwi cheti. Mpiga gitaa wa baa naye haulizwi cheti, anaulizwa bia yake iwe ya moto au ya baridi. Hata yule bwana wa harusini anayebonyeza kinanda cha umeme kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika simu, sijasikia hata siku moja bibi harusi akimdai nakala iliyothibitishwa na wakili. Ila mimi, niliyetaka tu kuwafundisha watoto wa watu kinanda cha mdomo, kile cha matundu kumi kinachoingia mfuko wa shati, nimedaiwa karatasi na kila mtu isipokuwa mlinzi wa geti. Na mlinzi mwenyewe ni kwa sababu alikuwa amelala.

Shule yenyewe siitaji. Ni moja ya hizi za kulipia, zenye basi la njano na orodha ya michango ndefu kuliko orodha ya vitabu. Walitaka mtu wa kushika kipindi cha muziki Ijumaa mchana, saa ambayo watoto wamechoka na walimu wamechoka zaidi. Nikaenda na kinanda changu. Mama mkuu wa shule akanikaribisha kiti, akanisikiliza, akafumba macho, mguu ukawa unagonga sakafu chini ya meza. Nikajua nimepita. Akafumbua macho.

"Mwalimu, safi sana. Sasa lete cheti."

"Cheti cha nini, mama?"

"Cha hicho hicho."

"Hiki hakina cheti, mama mkuu. Hiki kinapulizwa."

Akanitazama kwa huruma, macho wanayotazamwa wazazi waliokuja kuomba walipe ada kidogo kidogo. "Wazazi wetu wataniuliza," akasema. "Na kiwe cha kimataifa."

Simlaumu peke yake. Tangu Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, nchi imeshikwa na homa ya uhakiki ambayo haijashuka. Fundi cherehani wa mtaani kwetu amebandika ukutani cheti cha semina ya ujasiriamali, kimepigwa lamineshi, kinang'aa, na chini yake imening'inia suruali yangu ambayo hajaimaliza tangu Pasaka. Cheti kipo, suruali haipo. Watu wanaridhika.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianza na wazito: mitihani ya ABRSM, ile bodi ya London ambayo mitihani yake hufanyika mpaka huku kwetu. Wana madaraja manane ya piano, ya fidla, ya tarumbeta, hata ya rekoda, kile kifilimbi cha wanafunzi. Kinanda cha mdomo hamna. Nikaisoma orodha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, nikidhani labda kimejificha nyuma ya kinubi. Hamna.

Na dharau hii ni ya siku nyingi. Huko Marekani, mpaka ndani ya miaka ya 1940, chama cha wafanyakazi wanamuziki hakikuwa kikimkubali mtu wa kinanda cha mdomo. Walikiona kitu cha kuchezea watoto. Kisha mwaka 1947 wakatokea Harmonicats, watu watatu wasio na ala nyingine wanayoitegemea, wakarekodi "Peg o' My Heart", ikapanda mpaka namba moja na kuuzwa zaidi ya nakala milioni. Hapo ndipo chama kikagundua kwamba kumbe wale nao ni wanamuziki, na kwamba wanamuziki hulipa ada ya uanachama.

Ukitazama waliokibeba kinanda hiki mabegani, hakuna mwenye cheti. Matthias Hohner wa Trossingen, Ujerumani, ambaye jina lake mpaka leo limechongwa kwenye mabati ya vinanda dunia nzima, alikuwa fundi saa. Alipoanza mwaka 1857 alitengeneza vinanda 650 kwa mwaka. Miaka 30 baadaye alikuwa anapita milioni moja kwa mwaka. Larry Adler, Mmarekani aliyekitoa vichochoroni akakiingiza kwenye kumbi za watu wenye tai, alifukuzwa utotoni Peabody Conservatory ya Baltimore alikokuwa akijifunza piano. Kisha akakua, na Vaughan Williams, mtunzi mkubwa wa Uingereza, akakaa chini akamwandikia kipande kizima cha kinanda cha mdomo na okestra. Tommy Reilly wa Kanada alikuwa mwanafunzi wa fidla Leipzig vita ilipoanza mwaka 1939. Wajerumani wakamkamata, na huko kizuizini ndiko alikokinoa kinanda cha mdomo mpaka akatoka bingwa. Kambi haikumpa cheti. Na tarehe 16 Desemba 1965, mwanaanga Wally Schirra alitoa kinanda kidogo cha Hohner alichokiingiza kimyamimya ndani ya Gemini 6, akapiga "Jingle Bells" akiwa juu ya dunia, mwenzake Tom Stafford akimsindikiza kwa vikengele. Wanasema ndiyo mara ya kwanza ala ya muziki kupigwa angani. Waliokuwa chini wakisikiliza hawakuuliza daraja lake la nadharia. Ningekuwa mimi ningeulizwa.

Hatimaye nikakipata chama kimoja cha ng'ambo, nacho sikitaji, kinachotoa ithibati kwa walimu wa kinanda cha mdomo. Nikafurahi mpaka nilipofika kwenye ada, ambayo ilikuwa kwa dola. Nikamweleza mama watoto kwa utaratibu, baada ya chakula, nikianzia kwa Hohner.

"Baba watoto," akasema, "yaani unalipa hela uruhusiwe kupuliza?"

"Kupuliza naruhusiwa. Nalipa niruhusiwe kufundisha kupuliza."

Akainuka akaanza kutoa vyombo. Kwetu vyombo vikitolewa kwa kasi ile, kikao kimefungwa.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa nadharia, kwenye mtandao, na saa inahesabu kurudi nyuma pembeni ya skrini. Sikuuogopa. Ninajua kuwa matundu ni 10 na vilimi vya shaba ni 20, kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta kwa kila tundu. Ninajua pia siri ambayo muuzaji wa Kariakoo hakwambii: kinanda hiki kinauzwa kikiwa na mapengo. Upande wa kushoto, kwenye noti za chini, hakuna fa na hakuna la. Hazipo. Aliyeupanga mpangilio huu, wanaouita wa Richter, alitaka mtu wa kijijini aweze kupiga chodi ya wimbo wa kanisani au wa dansi kwa kuvuta na kupuliza tu, na ili chodi zikae sawa akairudia so mara mbili na kuzitupa hizo nyingine. Ukinunua ngazi ikakosa vipago viwili unairudisha dukani. Hiki unaambiwa ujifunze kuvitengeneza kwa mdomo.

Na kweli vinatengenezeka, ndiyo ajabu yake. Unavuta tundu la pili, ambalo lina so, unaurudisha ulimi nyuma, noti inalegea na kuteremka mpaka kwenye fa iliyokosekana. La nayo unaichimba tundu la tatu kwa mtindo huohuo. Wapiga bluzi Weusi wa Marekani ndio walioligeuza pengo hilo kuwa utajiri. Little Walter alikifanya kilie na kuomboleza kupitia kipaza sauti cha mkononi mpaka ukasahau kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya polka. Lakini nadharia haikuuliza hayo. Iliniuliza tofauti ya nia za ujifunzaji na matokeo ya ujifunzaji. Nikajibu. Sijui nilijibu nini, ila nilipata.

Mtihani wa pili ulikuwa wa kujirekodi video ukipiga, bila kukata, bila kuhariri, mahali penye utulivu. Hapo ndipo nilipojua kuwa waandishi wa masharti haya hawajawahi kupanga chumba Magomeni. Alfajiri ni adhana, na mimi siwezi kushindana na adhana. Kukishapambazuka ni majogoo. Saa mbili anapita muuza dawa ya panya na spika yake, anayewataja panya kwa majina ya tabia zao. Saa nne mafundi wa vyuma. Saa tisa umeme unakatika, na jenereta la saluni linawaka. Usiku kuna utulivu, lakini usiku mwenye nyumba ameshasema, na akisema harudii.

Nikarekodi saa tano asubuhi, liwalo na liwe. Mle uani mpangaji mwenzangu alikuwa anatwanga kisamvu. Nikamwomba apumzike kidogo. "Shemeji," akanijibu bila kusimamisha mchi, "wewe unapuliza, mimi nina watu wa kula." Hoja hiyo sikuwa na jibu lake. Nikapiga hivyohivyo.

Majibu yalikuja kwa barua pepe. Mtahini, mzungu mpole sana, alisema kinanda changu kiko vizuri, ila kilichomvutia zaidi ni mpiga ngoma wangu: anashika mapigo imara, haharakishi, na ngoma yake ina sauti nzito ya mbao ambayo hajawahi kuisikia. Akauliza ni ngoma gani. Nikampelekea jirani salamu. Tangu siku hiyo anatwanga akinitazama dirishani, na ameanza kuongeza madoido.

Kilichobaki kilikuwa kirefu na kigumu kuliko vyote: video ya mimi nikimfundisha mtu asiyejua kitu. Hapa niseme la moyoni, kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Mwalimu wa gitaa anakwambia weka kidole hapa, na wewe unakiona kidole na unakiona hapa. Mwalimu wa ngoma anakushika mkono. Mwalimu wa udi, wa kanuni, wa akordioni, wote wana kitu cha kuonyesha. Mwalimu wa kinanda cha mdomo anafundisha jambo linalotendeka gizani, nyuma ya meno, ndani ya kinywa cha mtu mwingine ambacho hana ruhusa ya kukitazama. Ni sawa na kumfundisha mtu kumeza. Ulimi wako mwenyewe hujui ulipo mpaka uulizwe, na ukishaulizwa unaanza kujing'ata.

Mwanafunzi wangu alikuwa kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya nyumba yetu. Nilimchagua kwa sababu ana mapafu, maana anaweza kumwita abiria aliyeko upande wa pili wa Barabara ya Morogoro na abiria akageuka. Alikubali kwa masharti ya posho, kwa kuwa muda wake ni wateja. Nikampa kinanda, nikawasha simu, nikamwambia avute tundu la pili.

Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, kisha kimya.

"Ticha, hiki kibovu. Tundu la pili limekufa."

Hapa wenzangu wote duniani wangecheka. Hakuna mwanafunzi asiyesema tundu la pili limekufa. Anasema hivyo mtoto wa Trossingen, anasema mzee wa Chicago, anasema na huyu wa Magomeni. Kinanda ni kizima. Yeye anavuta kwa nguvu mno na mdomo umebana, kile kilimi kinakabwa. Nikamwambia ashushe mabega, alegeze taya, avute pumzi ya kawaida tu.

"Pumzi ya kawaida ipi, ticha?"

"Ile unayovuta sasa hivi."

"Sasa hivi sivuti. Umeniambia nisubiri."

Nikamwambia atamke "i", halafu bila kuacha kuvuta ahamie kwenye "o", ulimi urudi nyuma. Akatamka kwa sauti. Nikamwambia asitamke, afanye mdomo tu, huku anavuta. Akafanya mdomo tu, bila kinanda. Nikamwambia na kinanda. Abiria akapita, akamwita, kijana akataka kwenda. Nikaongeza posho. Basi katikati ya ubishi wa posho, ameudhika, kinanda kiko mdomoni, akavuta pumzi ya mtu aliyechoka kubishana, na noti ya tundu la pili ikatoka nzima, pana, kisha ikainama yenyewe, ikashuka, ikakaa kwenye fa. Akakitoa kinanda mdomoni, akakigeuza, akakitazama upande wa nyuma kuona nani kaingia.

Ile sekunde ndiyo niliyoilipia dola, na laiti chama kingeniomba hiyo tu ningewapa. Lakini mtahini aliirudisha video. Eti mwalimu ameongea mno, mwanafunzi amepuliza kidogo. Nimeongea mno! Mimi nimesomeshwa na walimu waliokuwa wanaongea dakika 80 bila kunywa maji, na tukifika mwisho wanauliza "tumeelewa?" na tunaitikia "ndiyooo". Mwalimu asiyeongea huku kwetu wazazi wanadai ada irudishwe. Hata hivyo nikarekodi upya, nikanyamaza, nikanyoosha vidole, nikatikisa kichwa, nikafanana na trafiki. Nikafaulu.

Cheti kikaja kwa barua pepe. Nikaenda steshenari kukichapa. Kijana wa steshenari akauliza rangi au nyeusi na nyeupe. Nikamwambia rangi, na karatasi ngumu, na lamineshi, ninunue heshima yote kwa mkupuo. Kina nembo ya dhahabu yenye picha ya kinanda ambacho, kwa maumbile yake, kinafanana sana na kitana. Mke wangu akakishika, akakigeuza, akasema, "Hakina muhuri." Nikamwambia ng'ambo hawapigi mihuri siku hizi. Akanitazama nione mwenyewe nilivyotapeliwa.

Mama mkuu alikipokea kwa mikono miwili. Akakisoma mpaka chini. "Hongera sana, mwalimu. Sasa hiki ni cha kinanda. Cha ualimu kiko wapi?"

"Mama, kimeandikwa mwalimu. Hapo. Mwalimu aliyethibitishwa."

"Wa kinanda. Sisi tunaajiri mwalimu, halafu ndiyo afundishe kinanda. Na hiki cha nje tutahitaji kithibitishwe kuwa kinatambulika hapa."

"Kinatambulika na nani?"

"Na wanaotambua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Kikaitishwa kikao cha wazazi, ambacho nilialikwa nijieleze. Baba mmoja akauliza kama somo hili litatoka kwenye mtihani wa Taifa. Mwingine akauliza kama kinanda chenyewe ni cha Kichina, kwa sauti ya mtu aliyeshaumizwa na chaja. Nikamwambia jamaa wa zamani kabisa wa ala hizi za vilimi ni sheng ya China, wamekuwa wakiipuliza kwa maelfu ya miaka kabla Mjerumani hajazaliwa, kwa hiyo kwenye jambo hili Mchina si mwigaji. Hakuridhika. Mama mmoja muuguzi akauliza la maana: watoto watapokezana? Mate je? Nikajibu hapana, kila mtoto na chake, kama mswaki, na nikaongeza kuwa Marekani kuna taasisi ya wagonjwa wa mapafu, COPD Foundation, yenye mpango mzima wa kuwapa wagonjwa vinanda hivi wafanye mazoezi ya pumzi. Yule muuguzi akaandika. Wengine wakasikia neno "wagonjwa" tu, na minong'ono ikaanza. Suala likapelekwa kwenye kamati.

Liko kwenye kamati mpaka sasa. Kipindi cha Ijumaa mchana anakishika mwalimu wa hisabati, ambaye anawafundisha hisabati.

Ninachotaka kulalamikia leo hasa ni kijiwe cha bodaboda. Yule mwanafunzi wangu alinunua kinanda Kariakoo, cha bei ya chipsi mayai, akawa anakipiga akisubiri abiria. Wenzake wakataka. Sasa anawafundisha, jioni, kwa kichwa, hela mkononi, na nimemsikia kwa masikio yangu akimfokea mmoja: "Usivute hivyo, vuta pumzi ya mtu aliyechoka kubishana!" Maneno hayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa ng'ambo, na yanafanya kazi, ndani ya wiki moja nilisikia tundu la pili likiinama kwenye pikipiki tatu. Halipii ada ya uanachama, hana nia ya ujifunzaji wala matokeo yake, na wanafunzi anao wengi kuliko mimi, maana mimi sina.

Jana alinisimamisha. Nikadhani anakuja kushukuru.

"Shikamoo, ticha. Eti wewe una ile ithibati ya kimataifa?"

"Marahaba. Ninayo."

"Basi nitengenezee vyeti, vijana wangu wanavidai. Sita. Mimi nitalipia lamineshi." Akawasha pikipiki, akaizima, akakumbuka jambo. "Ila viwe na muhuri, ticha. Kile cha kwako wanasema hakina."